Uliwaambia Nini Watu wa Yadi

Kondo,

Nilikupoteza Jumanne, leo ni wiki ya sita, saa nne na robo asubuhi, katika yadi yetu ya Mchikichini, ukiwa na kalamu mkononi na mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwako nasubiri unijibu swali. Nilikupoteza wewe na jibu kwa pamoja. Watu wananipa pole ya wewe. Pole ya jibu hakuna wa kunipa, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba nilikuuliza.

Sikusalimii kwa heshima. Mtani hapewi shikamoo akiwa hai, sembuse akishalala. Na usidhani nimekaa nalia. Jumapili tumekusomea hitima ya arobaini, nimekula pilau sahani mbili, na ya pili ilikuwa yako. Barua ya mkono ya mwisho niliiandika Tabora nilipomaliza darasa la saba, kumwomba mjomba nauli ya kuja huku. Alinijibu. Kwa hiyo barua zangu huwa zinajibiwa, ulijue hilo mapema.

Kwanza habari za kazi, maana ungeziuliza hizo kabla ya habari za watoto. Magari sasa ni thelathini na moja. Uliacha ishirini na tisa; mawili yaliyokwama bandarini yalitoka wiki ile ile tuliyokuzika. Wafanyakazi ni mia nne na kumi na wanane. Kiwanda cha Pugu kinaingiza tani mia moja na kumi kwa siku, na ile mashine ya kusaga chupa za plastiki, uliyoiita bibi harusi kwa sababu ilichelewa kuja na ilipokuja ikaja na ndugu wengi, hatimaye inazunguka. Mafundi wake wamerudi kwao. Mmoja ameoa Gongo la Mboto.

Namba yako wameitoa kwenye kundi la simu la kampuni. Siku ya tisa tu. Kijana wa kompyuta alisema ni utaratibu. Nikamwambia utaratibu ungesubiri hata arobaini, akaniomba radhi, akasema anaweza kukurudisha. Nikamwambia aache. Ungerudi ukaanza kutuma zile video zako za paka.

Kule ofisini, ghorofa ya nne, wametundika picha yako mapokezi. Wamekuvalisha tai. Kwa kompyuta: shingo yako, tai ya mtu mwingine, ya bluu, imekaa upande. Nilipita pale Jumatatu nikamwuliza binti wa mapokezi, aliyeajiriwa mwezi huu, huyu ni nani. Akasema, "Marehemu mwanzilishi, mama." Nikamwuliza alianzisha nini. Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Idara ya Mazingira?"

Ulianzisha kwa kukaa juu ya maboksi yangu. Hilo hawajaliandika mahali.

Miaka kumi na tisa iliyopita, nyuma ya duka la masufuria pale Kariakoo. Nilikuwa nimelipanga rundo langu tangu saa kumi na mbili, nimekwenda kuazima kamba, narudi nakuta mwanamume mwembamba amelikalia, anakula muhogo wa kuchoma. Nikakwambia ushuke. Ukaniambia boksi halina jina la mtu. Nikapanda na mimi nikakaa, mgongo kwa mgongo, na hapo tukabaki nusu saa nzima hakuna anayeshuka, mpaka mwenye duka akatoka kutuuliza sisi tunauza nini. Ndipo ukacheka. "Lafudhi hiyo ya Tabora! Mnyamwezi, nyie si mlizaliwa na mizigo kichwani? Beba basi, twende!" Nikakurudishia, "Na nyie Wazaramo si mkisikia ngoma hata maiti mnaitua njiani? Kimbia, inalia kule, utakosa nafasi!" Watu wa mtaa mzima wakacheka. Ugomvi ukaishia hapo, kwa kuwa sheria tunaijua wote wawili: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, wanatukanana mpaka jua linazama, na anayenuna ndiye mkosaji. Tukagawana rundo, kilo ishirini na moja kila mmoja. Nakumbuka vizuri kwa sababu wewe ulitaka ishirini na mbili.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na guta moja la kukodi na kilo mia tatu kwa siku, mvua isiponyesha. Wewe unakanyaga pedali, mimi nasukuma nyuma, na ukifika mteremko unajifanya umesahau kwamba nipo. Mwaka wa tatu tukapanga yadi, nyuma ya soko la Mchikichini, karibu na wanapofungulia marobota ya mitumba. Ni wewe uliyeona kwamba zile kanda ngumu za plastiki zinazofungia mitumba wanazikata na kuzitupa. Ukaanza kuziokota na kuziunga kwa fundo lile lako, na miaka mitatu mizima maboksi yetu yalifungwa kwa kanda zilizokuja na mashati ya Wazungu. Hatukununua kamba hata mita moja. Mwaka wa tano fundi wa kuchomelea kule Buguruni akatuundia mashine ya kushindilia inayoendeshwa kwa jeki ya lori. Robota moja dakika arobaini, wanaume wawili kwa zamu, na nyimbo ambazo sitaziandika hapa. Mwaka wa nane tukapata kazi ya kuzoa taka kata moja. Mwaka wa tisa, tatu. Kufikia mwaka wa kumi na tano wenye mtaji walikuwa wanatupigia simu wao, na mimi nikawa najifanya niko kikaoni.

Hakuna aliyetupatia kitu. Nilijifunza hesabu za zabuni kwa binti wa dada yangu, mezani, mtoto mgongoni, yeye anasoma kidato cha nne na mimi nasoma naye. Nimekaa kwenye viti vya benki tisa. Saba walinionyesha mlango. Nayasema haya kwa sababu kwenye hitima watu walisema sana kuhusu moyo wako, na ni kweli, lakini moyo haujazi dizeli.

Ila mkono ulikuwa nao. Hilo sitalikataa hata nikikukasirikia namna hii. Wauzaji walikuwa wanamwagia maboksi maji katikati ya mzigo ili yavute mizani. Mimi nikanunua kifaa cha kupima unyevu, chenye sindano mbili. Siku ya kwanza tu kiligombanisha watu wanne. Wewe unaingiza mkono katikati ya mzigo mpaka kwenye kiwiko, unafumba macho kama daktari, unasema, "Ndugu yangu, hili lina mafua. Likaanike, uniletee kesho." Na mtu analibeba, anaondoka, kesho anarudi na boksi kavu na anakuamkia.

Basi, tuje kwenye neno lenyewe.

Wenye mtaji walipoingia, tuliweka sharti: kituo chochote hakifungwi wala kuhamishwa bila saini za waanzilishi wote wawili. Ulilidai wewe sharti hilo, na ulilidai kwa ajili ya yadi. Miaka minne halikutumika. Mwaka huu wakurugenzi wakaleta hoja ya kuifunga, na mimi niliitetea. Sijifichi. Kila kilo inayotoka Kariakoo ikapita yadini tunaishika mara nne: tunapakia dukani, tunashusha yadini, tunapakia tena, tunashusha Pugu. Ikienda moja kwa moja, mara mbili. Yadi inapitisha tani tisa kati ya mia moja na kumi. Asilimia nane. Kwa asilimia nane tunaweka magari matano kwenye foleni ya Ilala kutwa nzima.

Na watu. Watu wa yadi ni sitini na mmoja. Thelathini na wanane wangepata nafasi Pugu, wakitaka kuamka saa tisa usiku. Ishirini na watatu hawana nafasi, ama umri umepita, ama hawakuwahi kuajiriwa, wanalipwa kwa kilo wanazochambua. Bi Zuhura ni mmoja wao. Mwanamke aliyesimamia meza ya kuchambua tangu yadi ilipokuwa na bati sita, na jina lake halimo kwenye karatasi yoyote.

Nilikueleza yote haya, mimi na wewe peke yetu, juu ya chai. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Hukusema hapana. Ungesema hapana tungepambana, hapana naijua kuijibu. Ulisema tu, "Mkono unajua kitu ambacho mashine haijui." Nikakuuliza, "Ni kilo ngapi hiyo?" Ukaniongezea tangawizi.

Ijumaa nikasaini. Jumatatu saa tano nikakuletea hati yadini, ukaisaini juu ya robota, goti umelikunja, bila kusoma. Saini yako imepinda kwa mawimbi ya boksi. Tukakubaliana: mimi nitawatangazia kwa barua, lakini kwanza wewe utawaambia kwa mdomo, saa saba, wakati wa chakula, kwa kuwa kutoka kwako wangelipokea. "Nitawaambia," ulisema. Nikaondoka. Sikubaki kusikiliza. Nilikuwa na kikao cha matairi.

Jumanne nilifika getini saa nne na dakika kumi. Bi Zuhura akanitukana kama kawaida yake, kwamba nimekuja kuhesabu nzi wake. Nikazipita meza zote. Hakuna uso uliobadilika. Watu walioambiwa kwamba kazi imekwisha hawachambui chupa huku wanabishana kuhusu mpira. Nikaja mpaka ulipokuwa. Ulikuwa unaandika uzito wa robota la kumi na mbili. Nikakuuliza, "Umewaambia?" Hukuinua kichwa. Ukasema, "Ngoja nimalize hili." Ukaandika mia mbili na kumi na

Tarakimu ya mwisho hukuiandika.

Robota lile halikupakiwa. Hakuna aliyetaka kuligusa. Wiki iliyopita nikawaomba wapakiaji wawili wanisaidie kulipandisha kwenye mizani. Ni mia mbili na kumi na sita. Nimeijaza ile sita. Nimetumia kalamu nyekundu, ili mtu asije akadhani ni mkono wako.

Tulikuzika kesho yake baada ya adhuhuri. Na hapo ndipo nilipofanya kosa, kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingeweza kulifanya isipokuwa mtani. Nimelichunguza kama ninavyochunguza hasara, sijapata wa kumbambikia.

Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo haki yangu yote ya utani ilikuwa pale mlangoni kwako, Buguruni, kabla jeneza halijatoka. Nilikuwa nimevaa koti lako la kazi, lile la manjano lenye mistari ya kung'aa, linanifika magotini. Nikaining'iniza mizani ya ndoano kwenye fremu ya mlango, nikatanua mikono. "Haondoki! Mzigo hautoki kwangu bila kupimwa! Na mcheki mifuko, huyu aliweka kidole kwenye mizani miaka kumi na tisa!" Kaka yako akaninyooshea bakora, "Mnyamwezi, pisha njia, mzigo wa leo siyo wa kwenu!" Nikamwambia mizigo yote ni ya kwetu, si ndivyo mnavyosema? Watu wakacheka. Ndani nilimsikia mkeo, Mama Shani, akicheka na kulia kwa pumzi moja. Ilikuwa inakwenda vizuri, Kondo. Ungefurahi.

Kisha nikasema. Sijui lilitokea wapi. Lilikuwa kifuani tangu jana yake, limebana, na mlango wa kutokea ulikuwa ule. "Na yadi naifunga! Mzaramo kaondoka, hakuna yadi tena! Nyie wengine wote rudini mkacheze ngoma!"

Wakacheka zaidi. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, anajifuta kwa ncha ya kanga. Wakaniletea kipande cha sabuni na sarafu mbili, kama ada inavyotaka, nikapisha. Ulipita hatua moja kutoka kwangu. Nilikuwa nimeishika mizani isiwagonge wabebaji. Walikwenda haraka mno, kama watu waliobeba kitu chepesi. Nilitaka kuwaambia waende polepole, nikakosa

Basi. Hilo tuliache.

Nilikuwa na neno moja la kweli, zito, la watu sitini na mmoja, na nikalipeleka mahali pekee ambapo hakuna neno linalohesabiwa. Wiki mbili baadaye nikabandika tangazo getini. Walicheka. Bi Zuhura akalisoma kwa sauti, kwa lafudhi ya kwetu, akaniambia, "Mtani, msiba umeisha. Vua joho." Nikamwambia siyo utani. "Ndivyo mtani anavyosema siku zote." Mara ya pili nikaja na barua yenye muhuri, nikaisoma mbele ya meza zote. Mmoja akauliza ule muhuri ni wa robota la daraja la kwanza au la pili. Wakagonga meza kwa vicheko. Mara ya tatu nilikuja bila karatasi, nikasema sentensi mbili, sikutabasamu, nikarudi kwenye gari.

Bi Zuhura akanifuata. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Nyamizi. Sisi tulishaambiwa. Kondo alituambia ile Jumatatu, saa saba, amesimama pale kwenye bomba, penye maji. Alisema yadi haiendi popote, tuchape kazi."

Nikamwuliza alisema kwa maneno gani hasa. "Kwa maneno hayo." Alikuwa anacheka? Akanitazama kama mtu anayetazama chombo kilichovuja. "Kondo alikuwa hacheki lini?"

Nikaingia garini. Nikakaa. Dereva akaniuliza tunaenda wapi, nikamwambia azime injini.

Kwa hiyo saa tano unasaini kwamba yadi inafungwa, na saa saba unawaambia haifungwi. Saa mbili tu kati ya mambo hayo mawili. Nimezigeuza saa hizo mbili kama soksi.

Nikafanya ninachokijua. Nikachukua marobota kumi ya maboksi kutoka yadini na kumi kutoka Pugu, ambako maboksi ni machache na kinachojaa ni chupa na taka nyingine, nikayafungua yote sakafuni, nikapima yasiyotakiwa: nailoni, mabaki ya chakula, boksi lenye nta, vitambaa. Ya yadini, katika kila kilo mia, uchafu kilo mbili. Ya Pugu, kilo nane. Mnunuzi wetu anarudisha mzigo wowote unaozidi tano. Na kwa miaka yote hii hajawahi kurudisha lori letu hata moja. Tangu uondoke amerudisha matatu.

Nikamwita msimamizi wa kupakia. Nikamwuliza zamani mlikuwa mnapakiaje. Akasema, "Robota moja la yadi, moja la Pugu, moja la yadi, moja la Pugu. Mzee Kondo alituagiza tangu kiwanda kilipofunguliwa. Alisema tusiulize. Tangu amefariki tunapakia lolote lililo karibu." Mbili na nane ni kumi. Gawa kwa mbili. Tano.

Ulikuwa na namba! Miaka minne ulikuwa nayo kichwani, mtu ambaye kila mwaka ulinifanya nikujazie fomu kwa kisingizio kwamba tarakimu zinakuumiza macho. Nilikuuliza mezani, "Ni kilo ngapi hiyo?" na ulikuwa unajua ni kilo ngapi, na ukaniwekea tangawizi. Nimekukasirikia kwa mengi, Kondo: ile pikipiki, yule shemeji uliyemwajiri, siku uliyolala kwenye mkutano na benki. Hili limeyapita yote. Kama ulitaka kuitetea yadi, silaha ulikuwa nayo, ukaiweka mfukoni, ukachukua kalamu.

Najua utasema nini. Utasema ningeambiwa namba ningeipigia hesabu, nikaipata njia ya kuifuta. Ni kweli. Nimeshaipigia. Wakurugenzi wanasema mkanda mpya wa kuchambulia utafika Pugu baada ya miezi minne, na utaishusha ile nane mpaka nne. Huenda. Mkanda wa kwanza nao walisema hivyo. Kwa hiyo upande huu nina malori matatu yaliyorudi, upande ule nina magari matano kwenye foleni na ahadi ya mkanda. Nimezijumlisha mara sita. Zinalingana. Sijawahi kukutana na hesabu inayolingana pande zote mbili, na sijui mtu hufanya nini nayo. Wewe ndiye ulikuwa unajua.

Hati inaanza kazi Jumatatu ijayo. Saini yako haiwezi kuondolewa tena, mwenyewe hayupo. Yangu naweza kuiondoa, mwanasheria amethibitisha, karatasi moja tu. Nikiiondoa, hati imekufa na yadi imebaki. Lakini kwenye faili atabaki mtu mmoja aliyekubali ifungwe, na mtu huyo ni wewe. Watoto wako watakuja kulisoma faili hilo. Bi Zuhura naye ana mjukuu karani pale ofisini, litamfikia. Mimi niliyeitetea hoja nitashukuriwa, na wewe uliyesimama penye maji ukawaambia wachape kazi utaitwa mnafiki. Sitaki shukrani ya namna hiyo. Nikiacha saini yangu ilipo, yadi inafungwa, na wao watasema mtani amengoja Mzaramo afe ndipo alivunje neno lake. Hilo nalo sitaki, ila hilo naweza kulibeba. Mizigo ni ya kwetu.

Jumamosi nimewaita wote sitini na mmoja. Nimemwomba kaka yako aje asimame nami, ili wajue kwamba hakuna utani siku hiyo. Nitasema neno moja kati ya mawili, na lipi, linategemea wewe.

Kama ulisaini, kisha ukatembea hatua zile mpaka penye maji, ukawaona, ukabadili nia, basi naiondoa saini yangu, na nitasimama niseme kwamba uamuzi ni wako, kwamba ulikufa ukiwa unaikataa ile saini, na nitataka iandikwe hivyo kwenye faili, ukurasa wa kwanza. Bi Zuhura na wale ishirini na wawili wengine nitawapa mikataba. Nimeshaiandaa.

Kama uliogopa, kama uliwatazama tu ukashindwa, ukasema kinachosemeka ili siku ipite, basi naifunga, maana sitaendesha watu mia nne na kumi na wanane kwa neno lililosemwa kwa woga. Ila nakuahidi hili mbele ya yeyote anayekusikia huko: sitamwambia mtu kwamba uliogopa. Nitasema mimi ndiye niliyekataa kusikiliza. Huo si uongo mkubwa sana.

Mama Shani simwachi. Mpaka amalize eda nitakuwa napita kila Alhamisi, na baada ya eda pia, mpaka anichoke. Shani amepasi mitihani yake. Kaburi lako tumelijengea, siyo marumaru, saruji tu, sawa, imenyooka; nilimpa fundi pima maji yangu aende nayo. Pumzika, mtani wangu. Ulikuwa mtu mzuri wa kufanya naye kazi siku nne kati ya saba, na watu wengi hawafiki hata mbili.

Sasa jibu langu. Sitaki ndoto; nalala nimechoka, sioti. Sitaki ndege juu ya bati wala upepo kwenye pazia, nitadhani ni upepo. Sijui utafanyaje, na kutafuta njia ni kazi yako, siyo yangu. Wewe ndiye uliyeondoka katikati ya mazungumzo.

Ulibadili nia, au uliogopa? Moja tu. Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, kabla sijafungua mdomo. Saa mbili na robo nitakuwa nimeshasema.

Nyamizi